Mwewe na Tumbusi: Tazameni Miguu

Wajukuu, sogeeni hapa. Asubuhi kifaranga kimenyakuliwa uani, na mchana nyinyi mkaenda kumrushia mawe tumbusi aliyetua kwenye mzoga wa punda kule bondeni. Mmemhukumu asiyehusika.

Mwewe mnamjua. Bariadi mjini hakosekani: yuko sokoni, yuko machinjioni, yuko juu ya kila ua wenye kuku. Mwili wake ni wa kahawia, mdomo wa manjano, na mkia una panda mwishoni. Utazameni vizuri mkia huo anapozunguka. Anaupinda kushoto, anaupinda kulia, mabawa yametulia tuli, na ndivyo anavyokata kona kati ya nyaya za umeme na mapaa ya mabati. Akishuka hatangulizi mdomo, anatanguliza miguu. Kucha zake ni kali, zimepinda. Ananyakua bila kutua, na mara nyingi anakula hukohuko angani, kichwa amekiinamisha kwenye kucha. Wala hachagui: panya, mjusi, kumbikumbi baada ya mvua, panzi wanaokimbia moto nyasi zinapochomwa, hata utumbo uliotupwa. Lakini uzito wake haufiki kilo 1. Anayewaambia alimwona mwewe akipaa na mbuzi, msikilizeni kwa adabu tu.

Sasa tumbusi. Huyu wa mgongo mweupe, mnayeweza kumwona zaidi upande wa Meatu na Pori la Akiba Maswa, ana kilo 4 hadi 7, na akitandaza mabawa yanapita mita 2. Ukubwa huo ndio uliowadanganya. Shukeni miguuni: kucha ni butu, hazikupinda sana, utadhani za kuku aliyekua kupita kiasi. Ni miguu ya kutembea na kukanyagia mzoga. Haina nguvu ya kukaba kitu hai na kupaa nacho. Shingo yake ndefu ina manyoya machache mno, maana huiingiza ndani kabisa ya mzoga, na manyoya mengi yangegandana damu. Tumboni ana asidi kali ajabu, na vijidudu vingi vinavyoua mifugo hufia humo.

Tena hana haraka ya asubuhi. Hukaa mtini akisubiri jua liipashe ardhi joto na hewa ianze kupanda, kisha hupanda nayo, akielea karibu bila kupiga bawa. Huko juu hatafuti kwa kunusa, anatafuta kwa macho. Anatazama ardhi, na anawatazama wenzake. Mmoja akishuka, wa mbali humwona akamfuata, na wa mbali zaidi humfuata huyo, na kwa muda mfupi mzoga umejaa. Hapo jirani yetu Serengeti, kwenye nyumbu zaidi ya milioni moja, watafiti walikadiria kwamba jamii ya tumbusi hula nyama nyingi kuliko simba, fisi na wala nyama wengine wote wa miguu minne wakijumlishwa. Bila wao, uvundo ungetufikia huku.

Mkusanyiko huohuo ndio unaowamaliza. Mfugaji aliyeliwa ng'ombe hutia sumu kwenye mzoga akimlenga simba au fisi, na tumbusi hufika wengi kwa pamoja, wakafa wengi kwa pamoja. Kujaza pengo ni kazi ndefu. Mwewe hutaga mayai mawili au matatu. Tumbusi hutaga yai moja tu, na kinda lake hukaa kiotani takriban miezi 4. Tangu 2015, tumbusi wa mgongo mweupe yumo katika orodha ya ndege walio kwenye hatari kubwa kabisa ya kutoweka duniani.

Basi vifaranga fungieni bandani hadi wakomae kidogo, na mawe yaacheni chini. Mkikuta tumbusi wamekufa kando ya mzoga, msiguse chochote na msiwaache mbwa wakaribie. Kimbieni mkamwambie mtu mzima, naye apeleke habari kwa mwenyekiti wa kijiji au askari wa wanyamapori siku hiyohiyo.