MIWANI YA MAAJABU NA SAFARI YA MAKKA

Elimu ya mitambo imefika mahali ambapo mtu huvaa miwani mizito usoni, na papo hapo hujiona yumo katika nchi ya mbali. Akigeuza kichwa huona ya upande ule. Akiinua macho huona mbingu ya huko. Wataalamu huyaita mambo haya uhalisia pepe.

Baada ya darasa letu hapa Ifakara, kijana mmoja alituuliza: "Maalim, bibi yangu huuza mpunga kila mwaka na kuweka akiba ya Hija, lakini haitoshi, na magoti yamechoka. Tukimvisha miwani hiyo akaizunguka Kaaba, si atakuwa amehiji?" Swali lilitugusa, maana wazee wa namna hiyo ni wengi katika bonde la Kilombero.

Wala si swali la kwetu peke yetu. Desemba 2021 wasimamizi wa Msikiti Mtukufu wa Makka walizindua mpango wa kuwaonyesha watu Jiwe Jeusi kwa mitambo hiyo. Watu wakaulizana: je, hiyo ni Hija? Februari 2022 Idara ya Mambo ya Dini ya Uturuki ilijibu kwamba sivyo. Miguu ya mwenye kuhiji sharti ikanyage ardhi ya huko.

Nasi twaafiki. Hija ina mahali pake na wakati wake: kuvaa ihramu, kusimama Arafa tarehe 9 Mfunguo Tatu, kutufu mara 7, na kusai mara 7 baina ya Safa na Marwa. Mwenye miwani ameona picha tu, na mwili wake ungali kitini. Kabla ya daraja la Kilombero kufunguliwa mwaka 2018, tuliosubiri kivuko twajua kwamba kuiona ng'ambo si kuvuka.

Lakini hatuilaani miwani. Ikimfundisha msafiri njia ya ibada kabla hajaondoka, ni msaada mwema. Ubaya ni kuiuza kana kwamba ni ibada yenyewe, au kumvisha mzee ili sisi tupumzike na wajibu wa kumsaidia.

Basi bibi huyu afanyeje? Kurani Tukufu, sura ya Aali Imran, aya ya 97, imefaradhisha Hija juu ya mwenye uwezo wa kuiendea. Asiye na uwezo hana deni wala dhambi. Na mwenye mali ambaye mwili umemshinda kabisa, maulamaa wengi wamesema amtume wa kumhijia, aliyekwisha kujihijia mwenyewe.

Tulimwambia kijana: Mwonyeshe bibi yako, macho yake yafurahi, lakini umwambie kweli kwamba ni picha. Kisha keti naye, mhesabu akiba yake, nawe utie chako.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwatendea wazee wetu kwa ukweli. Amin.