Waya wa kuchimbia ukutani: ngao bila ethi ni pambo tu

KILA kukicha nyumba mpya zinachipuka kando ya barabara zitokazo mipakani, kuanzia Kobero hadi Rusumo. Wengi wa wanaojenga ni wale waliorejea nyumbani baada ya miaka mingi ya ugenini. Matofali yakishapanda na bati likishapigwa, hubaki kazi ya umeme, na siku hizi karibu kila mwenye nyumba anataka waya usionekane. Unachimbiwa ukutani, unapigwa lipu, unasahaulika.

Hapo ndipo hatari inapoanzia. Waya unaoning'inia unaonekana na kila mtu, hata mtoto anaonywa asiuguse. Waya ulio ndani ya lipu haumwonyi mtu yeyote. Miaka mitano baadaye mpangaji anapigilia msumari wa kutundikia picha au kioo, na msumari unapita moja kwa moja hadi kwenye waya wa moto.

Ndiyo sababu wafanyabiashara wanaovuka mpaka sasa wanaulizwa kebo yenye ngao, yaani ile yenye kinga ya chuma juu ya nyaya za ndani. Ni ghali kuliko ya kawaida. Je, inafaa kununuliwa? Jibu linategemea kitu ambacho hakimo ndani ya kebo yenyewe.

Ngao inafanya kazi gani?

Kebo hizi ziko za aina kuu mbili. Ya kwanza imeviringishiwa foili nyembamba ya alumini, nayo foili inagusana na waya mtupu wa ethi. Ya pili ina nyuzi za chuma zilizosukwa kuzunguka kebo nzima, ambayo mafundi huitumia zaidi kuzika ardhini.

Foili haikuwekwa ili kuzuia msumari. Msumari unaitoboa kwa urahisi, na panya aking'ata hapati shida. Kazi yake ni nyingine: msumari lazima uguse foili kabla ya kuufikia waya wa moto. Ukiufikia, umeme unapata njia ya kukimbilia kwenye ethi, na breka inapaswa kukata papo hapo. Nyuzi za chuma hufanya kazi hiyo hiyo, na juu ya hapo zina ugumu wa kuhimili panya. Lakini ni lazima zifungwe kwenye boksi kwa glandi ya chuma na kuungwa na ethi. Zikikatwa na kuachwa hivi hivi, hazisaidii kitu.

Hesabu ambayo wengi hawaifanyi

Ndugu msomaji, chukua kalamu. Nyumba nyingi za kwetu zina ethi ya nguzo moja iliyopigiliwa nyuma ya nyumba. Tuseme udongo ni mkavu na nguzo hiyo ina ukinzani wa omu 50, jambo ambalo si la ajabu hata kidogo. Umeme wa volti 230 ukivuja kupitia hapo, gawanya 230 kwa 50: unapata ampea 4.6. Breka ya soketi ni ya ampea 16 au 20. Kwake, ampea 4.6 ni kama pasi ya nguo imewashwa. Haitakata leo wala kesho.

Kibaya zaidi, ngao sasa imeunganishwa na waya wa moto, na ngao hiyo imeungana na ethi ya nyumba nzima. Volti karibu zote zinahamia kwenye mwili wa jokofu, wa jiko la umeme na wa kila chombo cha chuma kilichochomekwa. Kinga iliyonunuliwa kwa bei ghali inakuwa imesambaza hatari vyumba vyote.

Dawa yake ipo. Ni swichi inayogundua umeme unaovuja, ambayo waliozoea Kifaransa wanaiita diferansieli. Tafuta yenye maandishi ya 30 mA. Hiyo haingojei ampea 20. Uvujaji wa ampea 0.03 unatosha kuifanya ikate. Ina kitufe chenye herufi T: kibonyeze kila baada ya miezi michache, na isipokata, ibadilishwe. Kwa hiyo ngao, ethi na swichi ya 30 mA ni kitu kimoja chenye sehemu tatu. Anayenunua ngao peke yake amenunua theluthi moja.

Shaba ya kweli na shaba ya kupakwa

Kwa mfanyabiashara anayepakia mzigo Kariakoo au Kampala, tatizo kubwa si ngao bali kilichomo ndani yake. Sokoni ziko nyaya za alumini zilizopakwa shaba kwa nje. Zinang'aa sawa na shaba, lakini hupitisha umeme kwa shida zaidi, hivyo hupata joto, na kwenye maungio hulegea. Ndani ya lipu, joto hilo halionekani mpaka moshi utoke.

Kuzitambua hakuhitaji maabara. Kwanza, kwangua ncha ya waya kwa kisu: ikitokea rangi ya fedha chini ya wekundu, rudisha. Pili, tumia mizani. Roli ya mita 100 ya waya mmoja wa milimita mraba 2.5 ina shaba tupu ya kama kilo 2.2, kabla ya kuhesabu plastiki, ya 1.5 ina kama kilo 1.3. Roli nzima ya 2.5 ikiwa na kilo 2 pamoja na plastiki yake, kuna udanganyifu. Tatu, pima unene: uzi mmoja wa 2.5 unakaribia milimita 1.8, na wa 1.5 unakaribia milimita 1.4. Zipo roli zilizoandikwa 2.5 ambazo ndani ni 1.5 au pungufu.

Jambo jingine, usikubali kebo ya antena au ya kompyuta kwa sababu tu ina foili. Ngao ile ni ya kuzuia mwingiliano wa mawimbi, na nyaya zake hazikutengenezwa kubeba umeme wa nyumba.

Kuhusu ushuru, kebo iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo usiozidi dola 2,000, inaweza kupita kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa. Iliyotoka ng'ambo kupitia bandari ya Dar es Salaam au Mombasa haina nafasi hiyo. Angalia pia alama ya ubora, kama ya TBS ya Tanzania, KEBS ya Kenya au UNBS ya Uganda.

Rangi zinazogongana mpakani

Hili linawahusu hasa waliojifunza ufundi upande mmoja na kufanya kazi upande wa pili. Kwa desturi ya zamani ya Kiingereza, iliyozoeleka Tanzania, Kenya na Uganda, waya mwekundu ndio wa moto na mweusi ni nyutro. Kwa desturi ya Kibelgiji na Kifaransa, iliyozoeleka Burundi, Rwanda na Kongo, nyutro ni bluu, na mweusi unaweza kuwa wa moto. Uingereza yenyewe iliacha nyekundu na nyeusi kwa kazi mpya mwaka 2006, ikachukua kahawia na bluu. Nyumba ikichanganya kebo za pande mbili, fundi atakayekuja baadaye atauamini waya mweusi, na huenda ndio utakaomuua. Nunua rangi za aina moja kwa nyumba nzima, na usiamini rangi kabla ya kupima kwa testa.

Uanze na nini?

Fedha zikiwa chache, utaratibu ni huu. Kwanza shaba ya kweli: 1.5 kwa taa na 2.5 kwa soketi. Pili ethi nzuri, iliyopimwa kwa mita, pamoja na swichi ya 30 mA. Tatu, waya upite ndani ya bomba, wima au mlalo kutoka kwenye soketi au swichi, kamwe usikatishe mshazari, ili anayepigilia msumari ajue pa kuepuka. Bomba la plastiki halizuii msumari, ila linawezesha waya kubadilishwa bila kubomoa.

Ngao ije ya nne, katika sehemu ambazo waya hauwezi kufuata mstari huo au ukuta ni mwembamba. Na kabla lipu haijapigwa, piga picha kila ukuta, uzihifadhi pamoja na hati za kiwanja. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika umeme, aliyeharakisha kuziba ukuta ndiye atakayeubomoa.