Jedwali la Kireno lisimtishe Mswahili

Ukifungua kitabu chochote cha kuanzia Kireno, hutachelewa kukutana na jedwali la kitenzi falar, yaani kusema, kimepangwa kwa nafsi sita: eu falo, tu falas, ele fala, nós falamos, vós falais, eles falam. Mara nyingi chini yake kuna maneno ya kumtuliza mwanafunzi, kwamba maumbo ni mengi lakini atazoea. Maneno hayo yanamfaa Mwingereza, ambaye kitenzi chake cha wakati uliopo kina maumbo mawili tu, na la pili limeongezwa s mwishoni. Mtu aliyekua akisema nasema, unasema, anasema, tunasema, mnasema, wanasema atulizwe kwa lipi? Hesabu ni ileile. Sisi tunaitanguliza nafsi, Mreno anaiweka mkiani, basi. Na tukianza kuhesabu ngeli, kwamba kiti kinaanguka, mti unaanguka na majani yanaanguka, wa kuonewa huruma ni Mreno anayekuja kujifunza kwetu.

Ninachodai ni kwamba Mswahili anayeanza vitenzi vya Kireno angefika mapema zaidi kwa kushika njia ya sarufi yake mwenyewe, badala ya kuzungukia Kiingereza kama vitabu na programu nyingi za simu zinavyomtaka afanye. Tazama kiwakilishi cha nafsi. Mwingereza hawezi kukiacha, ndiyo maana humchukua muda kuzoea kwamba falo peke yake imetosha. Sisi tunajua tangu utotoni kwamba "mimi nasema" si sawa na "nasema". Ile mimi imewekwa kwa kusisitiza au kujitofautisha na wengine, na eu ya Kireno cha Ulaya na cha Msumbiji hufanya kazi hiyohiyo. Tazama pia mkazo. Falo, fala, falamos, falam: zote zinakaziwa silabi ya pili kutoka mwisho, mahali palepale ambapo ulimi wetu hukazia bila kuambiwa. Ndivyo vilivyo vitenzi vyote vya kawaida katika wakati uliopo, ukiiondoa vós, ambayo katika mazungumzo ya kila siku ya Maputo au São Paulo hutaisikia. Kwa hiyo jedwali lenyewe limeshapungua safu moja. Ukizungumza na mtu mzima unayemheshimu, unamwita o senhor au a senhora na kumtumia umbo la yeye; muuza vitenge sokoni ataulizwa "A senhora tem troco?", mama una chenji?

Shida ya kweli iko mahali ambapo jedwali la falar halipaonyeshi. Vitenzi vya -ar ndivyo vingi kuliko vyote katika kamusi, lakini vinavyotoka kinywani kila dakika ni ser, estar, ter, ir, fazer, poder, dizer na wenzao, na hivi havifuati utaratibu. Angalia hata hivyo ukaidi wao umekaa wapi. Fazer, kufanya: faço, halafu faz, fazemos, fazem. Poder, kuweza: posso, halafu pode, podemos, podem. Pedir, kuomba: peço, halafu pede, pedimos, pedem. Dormir, kulala: durmo, halafu dorme. Ouvir, kusikia: ouço, halafu ouve. Ukiacha ser, estar, ter na ir, ambavyo hukaidi hata kwenye nafsi nyingine, karibu fujo yote imejazana kwenye mimi. Mwalimu ambaye angewapa wanafunzi wake orodha ya umbo hilo moja kwa vitenzi ishirini vitumikavyo zaidi angewafaa kuliko yule anayewakaririsha majedwali kamili ya vitenzi vitatu. Tena lina faida ya pili: digo (nasema) huzaa diga, trago (naleta) huzaa traga, venho (naja) huzaa venha, na hayo ndiyo maumbo ya kumwagiza mtu kwa adabu. Anayejua trago anaweza kuomba bili hotelini, "Traga a conta, por favor." Sou, estou, vou, dou na sei hazizai hivyo, hizo ni za kukariri tu, na ni chache.

Kisha kuna ser na estar, vyote viwili vyenye maana ya kuwa, ambavyo humsumbua Mwingereza kwa kuwa kwake vyote ni kitenzi kimoja. Kwetu mlango uko nusu wazi tayari. "Ni mwalimu" na "yupo nyumbani" hatuwezi kuvibadilishana, na Mreno naye hawezi: é professor, está em casa. Nina njaa ni tenho fome, nina miaka ishirini ni tenho vinte anos, neno kwa neno. Hata ile sentensi inayowasumbua wanafunzi wa Kiingereza, ya jambo lililoanza zamani na bado linaendelea, Kireno huitamka kwa wakati uliopo: trabalho aqui há cinco anos. Nasi twasema nafanya kazi hapa mwaka wa tano sasa, bila kuhitaji wakati mwingine.

Atakayepinga atasema kulinganisha lugha huzaa makosa, na hapo hatakuwa ametunga uongo. Sisi husema nimechoka, kwa -me-, na anayetafsiri moja kwa moja atatafuta wakati uliopita. Kireno kinataka estou cansado, au cansada kama msemaji ni mwanamke, wakati uliopo kabisa. Nimekaa ni estou sentado. Tena "Maputo iko Msumbiji" haisemwi kwa estar, kwa kuwa mji hauhami. Ni fica au é. Na -na- yetu inabeba mizigo miwili, ninaandika sasa hivi na ninaandika kila siku, ilhali Kireno kinaitenganisha: estou a escrever, escrevo. Hapa nakiri Kiingereza kinaongoza vizuri kuliko Kiswahili, ingawa hu- yetu inasaidia, maana palipo na "huandika" kwa kawaida ndipo pa escrevo. Lakini haya ni makosa yanayojulikana na kuhesabika. Yanaenea ukurasa mmoja wa tahadhari. Anayepitia Kiingereza anabeba makosa ya Kiingereza na bado hajaponyoka haya ya kwake.

Wengine watasema vitabu vya nini, lugha hushikwa kwa masikio. Kwa aishiye karibu na mto Ruvuma, mpakani na Msumbiji, mwenye jamaa ng'ambo ya pili, sina ubishi. Ila kukaa jirani peke yake hakutoshi. Wareno walikuwa na mambo yao pwani hii tangu safari ya Vasco da Gama mwaka 1498 hadi Ngome ya Yesu ya Mombasa ilipotekwa na Waomani mwaka 1698, nasi tukachukua meza, leso na bendera; vitenzi tukawaachia wenyewe. Anayejifunza Dodoma au Nairobi kwa saa moja ya usiku hana jirani wa kumsikiliza, na saa hiyo ndiyo inayopotea katika majedwali ya watu wengine.

Udhaifu mkubwa zaidi wa rai hii ni wa vitabu: vya Kireno vilivyoandikwa kwa Kiswahili ni adimu, na atakayejaribu itambidi ajitengenezee daftari lake. Achague mapema pia Kireno cha wapi. Programu maarufu za simu hufundisha cha Brazili, kisemacho estou falando. Msumbiji, ambako Kireno ndicho lugha rasmi pekee, husikika zaidi estou a falar kama Ureno. Anayekwenda Pemba ya Msumbiji au Maputo na falando yake ataeleweka bila taabu, lakini aandike a falar daftarini tangu siku ya kwanza, na tu falas asiiruke, maana huko marafiki wanaitumia.