Ushuru wa Samaki Uwe na Sheria na Hesabu

Mwaka 2005 wavuvi wa Kuruwitu, kaunti ya Kilifi, walijifungia wenyewe hekta 30 za bahari waliyokuwa wakiivua, wakaifanya tengefu. Wengi husifu samaki waliorudi. Mimi navutiwa zaidi na jambo la kisheria: kanuni za serikali za vikundi vya kusimamia fuo, vile tunavyoviita BMU, zilikuja mwaka 2007, miaka miwili baadaye. Katazo lilianza kwa makubaliano ya wenyeji, na lililokatazwa ni riziki yao. Walikubali kwa sababu waliamua wao, na faida waliweza kuikagua kwa macho. Nadhani hapo pana somo kwa kila mkusanya kodi: mtu hulipa kwa moyo anapojua nani ameamua, kwa sheria ipi, na fedha zimeishia wapi.

Mfikirie mama karanga anayenunua kapu la tafi bandarini aende kukaanga. Akidaiwa ushuru, ana haki ya kuuliza unatoka wapi. Kifungu cha 210 cha Katiba ya 2010 kinasema hakuna kodi wala ada ya leseni itakayotozwa ila kwa mujibu wa sheria. Kifungu cha 209 kinairuhusu kaunti kutoza kodi ya ardhi na majengo, kodi ya burudani, nyingine iliyoidhinishwa na Bunge, na ada za huduma inazotoa. Neno zito hapo ni huduma. Anayetoza ada ya kushushia samaki aonyeshe mizani, banda, maji, na choo chenye mlango. Tatizo ni kwamba uvuvi umetajwa kote kuwili katika Jedwali la Nne la Katiba, kwa serikali kuu na kwa kaunti, na BMU nayo ina michango yake. Basi mvuvi mmoja mwenye mtumbwi mmoja anaweza kukutana na mikono mitatu, na si ajabu akaiona yote kuwa mkono mmoja wenye njaa. Risiti inayotaja ofisi na sheria ingemwondolea shaka hiyo, na gharama yake ni karatasi tu.

Mchuuzi mkubwa anayelipa kodi kwa Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA) ana ngazi iliyo wazi zaidi. Akikadiriwa kodi asiyoikubali, ana siku 30 za kuweka pingamizi kwa maandishi. Kamishna naye ana siku 60 za kujibu pingamizi lililokamilika, na akinyamaza, pingamizi huhesabiwa limekubaliwa. Mchuuzi asiporidhika na jibu, ana siku 30 nyingine za kukata rufaa kwenye Baraza la Rufaa za Kodi. Ila mzigo wa kuthibitisha kwamba makadirio ni makosa uko kwake, kwa hiyo asiyetunza daftari hupanda ngazi hiyo mikono mitupu.

Wapo watakaosema kila mtu akidai maelezo kabla ya kulipa, serikali haitakusanya kitu. Hoja hiyo ina uzito wake, kwani kushirikisha wananchi hakumpi kila mmoja kura ya kukataa. Kwa hoja hiyohiyo ya ushirikishwaji, Mahakama ya Rufaa iliibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023 mwezi Julai 2024, lakini Mahakama ya Juu Zaidi ikairejesha Oktoba mwaka huohuo. Hata hivyo kuulizwa hakuzuii kukusanya. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipita bungeni, kisha ukaondolewa mwezi Juni kwa sababu ya barabara zilizojaa vijana. Ulikwamishwa na kutoaminika. Wengine watasema ushuru wa kapu moja ni mdogo mno kubishaniwa. Kwa anayeulipa kila siku ya soko si mdogo, na kiasi kidogo kisichoandikwa popote ndicho huingia kirahisi mfuko usio wake.

Msomaji wa Kuruwitu, au wa bandari yoyote, asisubiri kuitwa barazani. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa haki ya kupewa sababu kwa maandishi uamuzi wa kiutawala unapomdhuru. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 nayo inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi ndani ya siku 21, na kuwasilisha ombi hakulipiwi. Andika barua, uliza ushuru wa bandari yako ulikusanywa kiasi gani na ulitumika wapi, na hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa.