Mabinti wa bilionea walioacha mafuta wakafuata muziki

Kama una binti chuoni na ada yake inatoka kwenye vitunguu au mitumba unayovusha Namanga, Busia au Tunduma, huenda umeshajiuliza: akihitimu atashika duka, au atakuja na lake?

Nigeria, swali hilo lilibisha hodi hata kwa Femi Otedola, bilionea aliyejenga utajiri wake kwa kuuza dizeli kabla ya kuhamia kwenye umeme. Ana mabinti watatu, na hakuna hata mmoja aliyepata jina kwa mafuta.

Mkubwa, Tolani, ni mwimbaji. Mdogo, Temi, ni mwigizaji na mke wa mwanamuziki Mr Eazi. Wengi walimfahamu mwaka 2020 kupitia filamu ya Citation, alipocheza kama mwanafunzi anayemshtaki mhadhiri wake kwa unyanyasaji wa kingono.

Wa katikati, Florence, ndiye anayewapa watu wa udaku kazi zaidi. Mashabiki wanamwita DJ Cuppy.

Elimu yake ingemfaa katika ofisi yoyote ya baba. Alisoma biashara na uchumi King's College London, akahitimu mwaka 2014, kisha akaenda New York kusomea biashara ya muziki. Wengi walitarajia arudi kukalia kiti kwenye kampuni. Yeye akasimama nyuma ya mashine za kuchezeshea muziki.

Mwaka 2015 alizunguka nchi kadhaa za Afrika kupiga shoo, Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda zikiwamo. Mwaka 2020 akatoa wimbo Jollof on the Jet, akiwashirikisha Rema wa Nigeria na Rayvanny wa Tanzania. Kwa lugha ya mpakani, mzigo wake ulishavuka.

Maneno nayo hayakukosekana. Mwaka huohuo baba aliwanunulia mabinti wote watatu magari ya Ferrari, kila mmoja lake, na mitandao ikawaka. Wapo wanaosema u-DJ huo ni mchezo wa mtoto asiyejua kodi ya pango.

Wana hoja. Msanii wa kawaida akipata hasara kwenye shoo mbili, anarudi kutafuta kibarua. Mtoto wa bilionea anaweza kula hasara miaka mitano na bado akalala ameshiba. Kabla hajarithi kampuni, ameshapewa urithi mwingine: muda wa kukosea.

Hata hivyo jina la baba hufungua mlango tu. Aliyelipa kiingilio anataka kucheza, na muziki ukipoa ataondoka bila kujali DJ ni mtoto wa nani.

Kwetu pia mifano ipo. Lupita Nyong'o ni binti wa Profesa Anyang' Nyong'o, aliyekuwa waziri kabla ya kuwa gavana wa Kisumu. Hakufuata siasa. Alianza na kazi ndogo nyuma ya kamera kwenye filamu ya The Constant Gardener, akasomea uigizaji Yale, na mwaka 2014 akabeba Oscar.

Anerlisa Muigai naye alikulia kwenye familia yenye kiwanda cha bia cha Keroche, Naivasha, kilichojengwa na mama yake, Tabitha Karanja, pamoja na baba yake. Yeye akaanzisha kampuni ya maji ya chupa. Bidhaa ni nyingine, lakini mambo ya chupa, malori na wasambazaji alishayaona nyumbani.

Mfanyabiashara wa mpakani hana Ferrari ya kugawa, na mtaji wake hauwezi kubeba miaka mitano ya majaribio. Ndiyo maana mazungumzo na binti yafanyike mapema, kabla ya joho la mahafali. Anataka kufanya nini? Atahitaji shilingi ngapi, na kwa muda gani? Ikishindikana, atarudi wapi?

Na kama jibu lake ni kwamba duka halitaki, afadhali ulijue leo. Otedola ana mameneja wa kumwendeshea kampuni. Wewe wateja wako, madeni yako na wakala wako wa forodha wote wamo kichwani mwako. Mpwa, mdogo wako au msaidizi unayemwamini aanze kufundishwa sasa, maana biashara isiyojulikana na mtu mwingine huzikwa na mwenyewe.