Jenerali Musuguri na gharama ya ushindi

MKULIMA wa Mutuka, mjini Babati, anajua kuwa mahindi au mbaazi bila gari na barabara si biashara. Jeshi nalo ni hivyo hivyo. Bila malori, chakula na njia, bunduki peke yake haifiki mbali. Maisha ya Jenerali mstaafu David Musuguri, aliyefariki dunia Oktoba 29, 2024 akiwa na umri wa miaka 104, yanaonyesha jambo hilo pamoja na bei yake.

Musuguri alizaliwa Butiama, mkoani Mara, Januari 4, 1920. Mwaka 1942 alijiunga na jeshi la wakoloni wa Kiingereza, KAR, akapelekwa Madagaska wakati wa Vita Kuu ya Pili. Baada ya uhuru aliendelea kupanda vyeo.

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera. Yalipora mifugo na mali, kisha yakalipua daraja la Kyaka. Kuyaondoa kulihitaji usafiri ambao jeshi halikuwa nao wa kutosha. Serikali ilichukua malori na mabasi ya mashirika na ya watu binafsi. Wananchi nao walichanga ng'ombe, nafaka na fedha. Gari likienda vitani, mzigo wa mfanyabiashara ulibaki ghalani.

Mapema mwaka 1979 Musuguri alikabidhiwa Divisheni ya 20. Machi 10, pale Lukaya, kwenye barabara inayokatiza kinamasi kati ya Masaka na Kampala, majeshi ya Amin yakisaidiwa na Libya yalikirudisha nyuma kikosi cha mbele cha Tanzania. Musuguri aliiamuru Brigedi ya 208 izunguke na kuifunga barabara nyuma ya adui. Kesho yake Lukaya ilikombolewa, na Aprili 11 Kampala ikaanguka.

Mwaka 1980 Musuguri aliteuliwa kuwa Mkuu wa Majeshi. Wakati huo hesabu ya vita ilikuwa imeanza kudaiwa. Gharama yake hutajwa kuwa kiasi cha dola milioni 500 za Marekani. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda duniani, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977. Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18, lakini dhiki ilidumu miaka mingi zaidi. Sukari, sabuni na vipuri vya magari viliadimika, na mazao yalikosa usafiri.

Musuguri alistaafu mwaka 1988 na kurudi Butiama. Anakumbukwa, na anastahili. Lakini mwenye lori lililorudi bovu na mfugaji aliyetoa ng'ombe wake nao waliichangia safari ile ya Kampala, na waliendelea kuilipia muda mrefu baada ya askari kurudi nyumbani.