Udongo unaouza polishi

Gari lililotumika Japani, likishushwa Mombasa au Dar es Salaam, huoshwa hadi likameremeta. Pitisha mkono kwenye boneti: bado panakwaruza kama ulimi wa paka. Sabuni imeondoa vumbi tu. Zimebaki chembe za chuma za breki na reli, lami, utomvu, pengine na rangi iliyopeperushwa kutoka gereji ya jirani, vyote vimegandia juu ya klia, tabaka angavu linalofunika rangi.

Hapo fundi hutoa donge la udongo. Si udongo wa mfinyanzi. Ni plastiki laini iliyokandwa na unga wa kusugulia. Mbunifu wake, Mjapani Tadao Kodate, alipewa hataza Marekani Desemba 1995. Hataza hiyo imeshaisha muda, na leo kiwanda chochote kiko huru kukanda donge lake.

Basi fedha haiko kwenye donge, iko kwenye mkono. Bodi hunyunyiziwa maji ya utelezi, donge likatelezeshwa bila kukandamizwa, sehemu kwa sehemu, mpaka mkwaruzo usisikike tena. Kisha donge hukunjwa ili upande safi utokee. Likianguka chini ni la kutupa. Ubahili huumbuka hapa: kijana analiokota, analifuta kwenye ovaroli, na punje moja ya mchanga inachora mlango mzima. Fedha ya kuurudisha mlango huo ingenunua madonge mengi.

Faida yenyewe huja baadaye. Udongo huondoka na nta ya zamani, na mara nyingi huacha michoro myembamba, inayoonekana zaidi kwenye rangi nyeusi. Gari likifika hapo linadai polishi na nta mpya, na hiyo ndiyo huduma yenye bei. Sioni ujanja hapo, mradi mteja aambiwe kabla ya kukabidhi ufunguo. Aliyelipia udongo peke yake amenunua nusu ya kazi.

Kujua kama gari linahitaji udongo, wengi huvaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi, vidole vizisikie punje vizuri zaidi. Kenya iliipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea 2017, Tanzania 2019. Badala yake, nailoni ya mkate inatosha.

Washindani wapo: dawa ya kupuliza inayoyeyusha chembe za chuma na kugeuka zambarau, na glovu zenye uso wa mpira, ambazo zikianguka husuuzwa. Kwa fundi anayelipwa kwa gari, si kwa saa, glovu ndiyo inayolipa. Donge analiweka kwa ajili ya pembe za taa na vitasa, ambako glovu haiingii.